Kichwa Kwenye Nembo ya Bwana

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana wa kudarizi nyumbani kwa mzungu mwenye shamba la tumbaku nje ya Iringa. Kazi hiyo nilifundishwa na masista. Siku moja memsahibu alinipa vitambaa sita vya kufutia midomo, nidarizi nembo ya ukoo wa mumewe: ngao, upanga, na chini yake kichwa cha mtu mweusi kilichokatwa shingoni.

Nilimuuliza maana yake.

"Babu wa babu zao alimkata huyo vitani," alisema. "Maana yake hatushindwi."

Kichwa cha kwanza nilikiharibu. Alikitazama, akaleta kioo, akakisimamisha mbele yangu. "Jitazame, kisha ushone."

Nilishona siku nne: pua yangu, midomo yangu, hata kovu la ndui shavuni, maana aliliona akalitaka. Jumapili walikuja wageni kula. Mmoja alikitazama kitambaa, akanitazama mimi niliyeshika sahani, akacheka, kisha akajifuta mchuzi.

Jumatatu nilivifua vyote sita. Mchuzi ulikuwa umegandia usoni, nikausugua sana. Mama aliponiuliza kazi ikoje, nilimwambia memsahibu ameisifu.