Nyasi Yangu Ilikuwa Hapa

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani Bukavu na diplome yangu ndani ya bahasha, na kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu ya majani yaliyokatwa. Unaijua harufu ile, rafiki yangu, mbichi na tamu kama tango lililopasuliwa sasa hivi. Kuna watu inawafurahisha. Mimi iliniharakisha. Nilipanda ngazi za udongo hadi upande wa juu wa nyumba yetu, nikakuta watu wa mtaa wameshaanza kufyeka ukingo wa mteremko. Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alinieleza kwa upole kwamba Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, kila nyumba italeta panga. Mteremko wote utasafishwa, upandwe pasipalumu, ile nyasi fupi ya kwenye majumba ya Ibanda kando ya ziwa, ili maharusi wapate mahali pa kupigia picha.

Nilimjibu, "Sawa, papa." Kisha nilishinda siku nzima nikijiuliza kwa nini nimesema sawa.

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu kulikuwa na chama kidogo. Hakikuwa na ofisi. Kilikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, akina maman wachache wa jirani, na kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi watoto majani na viumbe wadogo wa kilima chetu, vile vilivyokuwepo kabla ya nyumba zetu. Tulijifunza panzi gani anajificha kwenye nyasi gani. Tulijifunza kumwacha kinyonga atembee juu ya mkono wa mwalimu, huku tukiwa tayari kukimbia.

Watu walicheka. Tate wangu, ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku, hakucheka. Alizaliwa kijijini Miti, ndani ya nyumba iliyoezekwa kwa nyasi. Kila Jumamosi alituletea beseni la viazi vitamu vilivyofunikwa kwa jani la mgomba, na birika la chai ya mchaichai. "Munakunywa majani," aliwaambia wanaocheka, "kisha munasema majani iko bure."

Desturi ya chama ilikuwa hivi. Kila mtoto alipewa mmea wake kwa msimu mzima. Mwalimu alipoita majina, hakuita jina la ubatizo. Aliita mmea, nawe ukaenda kusimama kando yake, ukasema umeona nini tangu juma lililopita. Mvulana wa nyumba ya jirani alipewa mmea wenye maua ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina kama pete, yale ambayo ndege aitwaye chozi huja kunyonya asali yake. Mimi nilipewa nyasi ya mkia mweupe. Nyasi tu.

"Yako haina hata asali," jirani alinitania.

Niliwaza juma zima. Labda mwalimu ameona mimi sifai maua. Labda amenisahau, akanipa kilichobaki. Mwishowe nilimwuliza, naye akaniambia niing'oe. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, jani likakatika, nikaanguka chali mbele ya wote. Mizizi haikusogea. "Sasa unajua nilikupa nini," akasema, akaendelea na mwingine.

Kisha ikaja siku ya wageni. Chama cha watu wa Bunyakiri kilisikia habari zetu, kikataka kuja kuona mteremko wetu. Alfajiri ya siku ile, wazazi wetu waliamka bila kumwambia mtu, wakapanda na mapanga na majembe. Kwetu mgeni hapokelewi porini. Ua wenye heshima ni ule uliofagiliwa mpaka udongo uonekane. Walifyeka kila kitu, wakachoma, wakafagia. Walifanya kwa upendo, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Mwalimu alipofika, kilima kilikuwa chekundu, na mistari ya fagio juu yake.

"Mwalimu, angalia vile iko propre, safi kabisa," maman mmoja alisema, uso unang'aa. "Wageni hawatakanyaga hata jani moja."

Alivua kofia. Akawashukuru. Wageni walipokuwa wamesimama pale wakitazama udongo, alitugeukia, akaanza kuita majina kama kawaida.

"Mkia mweupe."

Nilikwenda kusimama mahali pangu, miguu ndani ya vumbi. Nikasema: "Nyasi yangu ilikuwa hapa. Asubuhi ndege mweusi wa mkia mrefu alikuwa anakaa juu yake. Mizizi ingali chini." Akaita mwingine, na mwingine. Kila mtoto alisimama mahali pake na kusema kilichokuwepo, mpaka kilima kikajaa watoto. Akina maman walikuwa nyuma na fagio mikononi. Mmoja aliuliza polepole, "Mbona hamukutuambia mbele ya kufyeka?"

Mvua ya kwanza iliteremsha matope hadi jikoni kwa Tate. Aliyatoa kwa jembe akinung'unika, "Tulipropa, tulifagia muzuri sana, sasa udongo umekuja kutusalimia." Na baada ya mvua, kilichochomoza kwanza kilikuwa changu, vichwa vyenye ncha kama sindano.

Leo mwalimu hayupo tena, na chama kiliondoka naye. Kibao kililiwa na mchwa. Tate amelala kaburini kule Miti. Ndege mweusi wa mkia mrefu sijamwona tangu nirudi, na nyumba zimekula sehemu kubwa ya mteremko. Kilichobaki ni kipande unachoweza kukivuka huku ukila ndizi moja.

Leo asubuhi, Jumamosi, nilipanda. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye maneno ya chuo. Nilipoona mapanga, yote yalitoroka. Nilitafuta mahali pangu, nikasimama.

"Mademuazeli," shefu alisema, "umesoma miaka yote ile, unakuja kutuchungia majani? Ng'ombe yako iko wapi?"

Watu wakacheka.

"Sina ng'ombe, papa shefu. Niko na nafasi yangu. Nyasi yangu iko hapa."

Hapo chini, barabarani, pikipiki ikazimwa. Dereva akapanda akiwa bado na kofia yake ya chuma mkononi. Alikuwa yule mvulana wa jirani. Hakunisalimia. Alitembea hadi mahali pasipo na kitu, akasimama.

"Maua yangu ya rangi ya chungwa ilikuwa hapa," akasema.

"Na wewe tena," shefu akaguna. "Abiria wako wanakungoja." Watu wangecheka tena, lakini maman mmoja mzee alikuwa ameshaweka panga lake chini. Shefu alitazama panga lile, akatazama mawingu. "Tutarudi Jumamosi ingine."

"Karibu, papa. Utatukuta."

Nimeshaanza kuwaza. Labda wenye mapanga watakuja wengi zaidi. Labda watoto wa mtaa nitakaowagawia mimea, kama mwalimu alivyotugawia, hawatakuja kabisa, au watakuja wanicheke. Lakini viazi vitamu nimeshanunua, na nimeshachagua nani atapewa mkia mweupe.