Jino Lililobaki Chini ya Ufizi

Mume wangu Odilon na mama yake, Exilda, waliniita mwongo mbele ya watu kwa miaka mingi, na sikuwa mwongo.

Enzi zetu hapa kijijini kwetu Beauce, msichana akikaribia kuolewa baba yake alimlipia ang'olewe meno yote, mabovu kwa mazima, asije akamtia mumewe gharama. Nami niling'olewa, nikaingia kanisani na meno ya bandia. Yalikuwa mazuri, kila mtu aliyasifu.

Kisha taya la kushoto likaanza kuuma. Ufizi wa nyuma kabisa unavimba, mdomo haufunguki hata kijiko kipite, sikio linagonga, kinywani ladha ya kitu kilichooza. Baada ya siku chache kimya, na miezi ikipita, tena. Balaa ni kuwa maumivu yalipenda kunijia majira ya kuchemsha utomvu wa miti uwe sukari, kazi imetukaba.

"Meno yako yamo kwenye glasi, binti," Mama Exilda aliniambia wageni wakisikia. "Nenda kayaulize yanaumwa wapi."

"Mama, panauma kweli."

"Kinachouma ni uvivu," Odilon akadakia. Wakacheka wote, sukari ya moto ikiwanata midomoni. Nilichukua ndoo nikaenda mitini kukinga utomvu.

Binti yangu Ghislaine alipokuwa mtu mzima, ndiye aliyenipeleka mjini kwa daktari wa meno. Daktari akapiga picha ya taya, akaiinua kwenye mwanga. Jino zima, limelala ubavu ndani ya mfupa.

"Jino la mwisho hilo, mama. Watu wengi sana wanalo limekwama hivi, na wengine haliwasumbui maisha yao yote. Aliyekung'oa alitoa yale aliyoyaona."

"Kwa hiyo sikulitunga?"

"Hili? Ungekuwa fundi hodari!"

Nilicheka mpaka machozi, mdomo umefunguka nusu.

Akalitoa. Sasa nalalia upande wa kushoto, nakula mahindi, kanisani naimba bila kushika shavu. Nina raha, sitakana.

Jino nimeliweka kwenye glasi dirishani jikoni, pale Odilon anaponawia mikono. Mama Exilda alikufa bila kukiri kosa, lake nimemwachia Mungu. Odilon yupo. Hulitazama, hujifuta mikono, huketi na kuomba supu. Namdai maneno mawili tu: ulisema kweli.