Sebene Chini ya Kitenge

Katika harusi zetu za Kongo, bibi harusi haingii haraka. Anasogea hatua mbili, anarudi moja, muziki ukienda polepole, mpaka gitaa ligeuke ghafla kuwa sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, na ukumbi mzima unyanyuke. Bila mgeuko ule, watu watasema harusi ilikuwa baridi.

Mdogo wangu wa mwisho alipoolewa, huku Fridley, Amerika, mpiga gitaa nilikuwa mimi. Wa kumshika mkono hadi kwa mumewe pia nilikuwa mimi. Wazazi walifariki tukiwa wadogo. Niliacha shule, nikawalea wenzangu. Kazi zote mbili nilizitaka.

Nikategemea pedali ya kurudia. Unaikanyaga, unapiga, unaikanyaga tena, nayo inaendelea kurudia ulichopiga hata ukiondoka. Wiki nzima nilirundika gitaa juu ya makofi juu ya sauti yangu.

Wadogo zangu huniita Yaya, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwetu. "Yaya, hii muziki iko inazunguka tu kama nguo kwenye mashine," bibi harusi aliniambia. "Sebene iko wapi?"

Alisema kweli. Nikishaongeza kila kitu, hapabaki pa kwenda. Nikajaribu kukata: pedali ya kushoto inyamazishe vyote, pumzi moja, kisha ya kulia iachie sebene niliyoirekodi asubuhi ya harusi.

Wakati ulipofika niliacha gitaa likijirudia, nikamfuata mlangoni. Mashangazi wakatandika vitenge mbele yake asikanyage sakafu. Hatua mbili, moja nyuma. Nilitamani kukimbia. Kitenge cha mwisho shangazi mkubwa akakitandika juu ya pedali zangu.

Kuondoa kitenge cha shangazi mbele ya bibi harusi ni kukataa baraka.

"Kanyaga, Yaya," bibi harusi akaninong'oneza.

"Sizioni."

"Kanyaga tu!"

Nikapapasa kwa ncha ya kiatu, nikakanyaga. Muziki ukakatika. Nikakanyaga nyingine. Kimya. Kumbe nilikuwa nimekanyaga pabaya, nikaifuta sebene.

"Eeh, fundi! Hata Amerika umeme unakatika?" mgeni mmoja akapaza sauti. Watu wakacheka.

Nikanyakua gitaa, nikaipiga sebene kwa vidole vyangu, kwa kasi zaidi kuliko nilivyokusudia, bila kitu chini yake. Shangazi akapiga vigelegele. Makofi yakaingia, viti vikasukumwa. Nilipogeuka nimshike tena mkono nimfikishe kwa mumewe, alikuwa ameshafika mwenyewe, anacheza, viatu mkononi.