Mzaliwa wa kwanza niliyemficha

Leo asubuhi nilikaribia kumdanganya mjukuu wangu.

Alinipigia simu kutoka Mbulu. "Shikamoo bibi."

Ana ugonjwa wa mifupa kuvunjika ovyo, aliourithi kwa mama yake, binti yangu. Yeye na mumewe wanataka mtoto, na daktari ameuliza kwanza: katika ukoo, nani mwingine alikuwa nao?

Nikafungua kinywa niseme ni mama yake tu.

Badala yake nikamsimulia mzaliwa wangu wa kwanza, kule katika kijiji cha Daudi. Alizaliwa paja limevunjika, akaishi siku tisa. Kwa desturi yetu Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto mchanga hutengwa, nami nikatengwa. Nisikanyage kwa jirani hata kuomba moto. Kina mama wakasema nilimshika vibaya. Nimeliamini hilo hadi leo, huku ugenini nilikozeekea.

"Bibi, hukumvunja wewe. Alivunjika akiwa bado tumboni."

Nililia, jamani. Mzigo ulinitoka.

"Kumbe huu ugonjwa unaua hata wachanga," mjukuu wangu akasema polepole. "Ngoja nikamwambie mume wangu."

Akakata simu.

Ninyi mliopitia haya, mngemwambia nini?