Seva Iliyovishwa Kitambaa

Ofisi yetu ya upimaji ardhi, hapa Mtwara mjini, ilikuwa na utaratibu wa kuhifadhi kazi ambao hata mwizi asingeuelewa. Ramani zilikaa kwenye kompyuta ya bosi, picha kwenye simu za wapimaji, na video kwenye flashi zilizozunguka mifukoni pamoja na funguo na maganda ya karanga. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta, yaani mtu wa kulaumiwa.

Aliyetuzindua ni mama mmoja wa kijiji cha Kitaya. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji yake akaibuka kudai upande wa shamba wenye mikorosho mizuri, akisema kaka yake hakuwahi kumpa mke chochote. Wapimaji wetu wana desturi ya kumrekodi mwenye shamba akitembea mpakani na kutaja kila sehemu ni ya nani, na marehemu alirekodiwa kabla hajaugua. Bila video ile, mama hakuwa na ushahidi mwingine ila machozi. Tuliitafuta flashi hadi tukaipata kwenye mkoba wa mke wa bosi, imegandana na peremende. Muda wote huo mama alikuwa amekaa kwenye benchi letu la wageni, akitusubiri kwa imani ambayo hatukuistahili. Niliona aibu.

Ndipo bosi akaridhia tununue seva, kisanduku chenye diski ndani kinachounganishwa na rauta, kila kompyuta ya ofisi ikaweka na kuchukua mafaili humo. Nilimwandalia maelezo ya kulinganisha aina mbalimbali. Hakuyasoma. Dukani alizinyanyua moja moja kama anayechagua papai, akachukua nzito kuliko zote. Kwa bahati mbaya ile nzito ilikuwa nzuri kweli, na tangu siku hiyo ushauri wangu ukawa wa kupitishia muda.

Ugomvi ulikuja kwenye diski. Nilizipanga mbili ziandike kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu.

"Yaani nimenunua mbili nitumie moja?" bosi akauliza.

"Ya pili ni ya tahadhari, mzee."

"Tahadhari ya nini, na zote mpya? Mbona unazitakia mabaya?"

Nikamwambia shemeji wa yule mama angefurahi sana kusikia tunabana matumizi. Akanuna, lakini akaniacha.

Nikahamishia humo kazi zote, video ya marehemu ikiwamo, flashi zikafutwa zitumike upya, nikadhani nimemaliza. Nilimsahau dada wa mapokezi. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio, televisheni, friji, vyote huvishwa vitambaa, na seva ilikuwa mgeni wa heshima kuliko vyote. Dada akaifumia vazi la rangi ya waridi, lenye marinda, likaibana hadi tundu la feni likazibwa. Juu akaweka chombo cha maua ya plastiki. Nikalivua. Kesho yake limerudi, limefuliwa na kunyooshwa. Nikaeleza habari ya joto, wakanitazama kama niliyemvua bibi harusi ukumbini.

"Na vumbi je?" bosi akauliza, kwa hekima zake zote.

Nikapata malaria, nikalala nyumbani Likombe. Niliporudi kazini seva ilikuwa ikipiga king'ora chini ya marinda yake, na wenzangu wameongeza sauti ya redio ili wasiisikie. Diski moja ilikuwa imekufa. Habari kwamba mashine ya wapimaji imeungua ilifika Kitaya kwa kasi ambayo rauta yetu haijawahi kuifikia.

Kwa hiyo siku ya shauri, mbele ya baraza la kata, shemeji alisimama amenyoosha kanzu.

"Video yao imeungua," akasema. "Waulizeni wenyewe."

Nikafungua kompyuta. Pembeni yangu bosi aliwaeleza wajumbe kwamba yeye siku zote husisitiza diski mbili. Nilitamani kumfinya. Mama aliketi mkekani, mikono imeshikana, macho hayabanduki kwenye kioo.

Marehemu akatokea, anatembea na fimbo yake, anaonyesha. "Toka nkorosho huu npaka ntoni, la nke wangu."

"Kasema peke yake huyo," shemeji akadakia. "Nani alikuwepo? Nani alikubali?"

Sikuisimamisha video. Marehemu alikohoa, akageuka kumtazama mtu aliyekuwa nyuma ya kamera ameshika mwisho wa utepe wa kupimia. Huyo mtu hakuonekana, ila sauti yake ilisikika vizuri.

"Nimesikia, kaka. La shemeji ni la shemeji. Twende, jua kali."

Mwenyekiti akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza ile ni sauti ya nani, na wajumbe wakatazamana. Mama hakutaja mtu. Alimgeukia tu shemeji yake, akamngoja.

"Ni mimi," shemeji akasema.