Mama Pindo Aongeza Dai

Mtaani tulimwita Mama Pindo kwa sababu kila gauni aliloshona aliliachia pindo pana kwa ndani, mwenyewe akinenepa lifumuliwe. Kwa wateja alikuwa mtani kweli, ila ukweni alijua kunyamaza. Mumewe alipofariki, shemeji yake alibadilisha kufuli la chumba chake cha cherehani. Alivumilia mpaka yakamfika shingoni, akaenda mahakamani kudai chumba hicho tu. Sehemu nyingine ya nyumba hakuigusa, kwa heshima ya mama mkwe.

Nilikuwepo siku alipotoa ushahidi. Wakili wa shemeji alimuuliza nani alijenga kile chumba.

"Chumba? Nyumba nzima tulijenga mimi na marehemu!"

Nje, wakili wake alimweleza kwamba hati ya madai inataja chumba, ushahidi unataja nyumba. Waombe ruhusa ya kuirekebisha hati, wadai yote.

"Si kesi imeshaanza, mwanangu?"

"Hakimu akikubali inawezekana, mama. Ila na wao watarekebisha utetezi wao."

Hilo la mwisho halikumwingia. "Kumbe hati nayo ina pindo!" akaniambia, akicheka. Mimi sikucheka. Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni, ametusikia, na alikuwa ametulia mno. Niliingiwa na hofu.

Hakimu alikubali. Utetezi mpya ulipoletwa, wakili wa Mama Pindo aliusoma, akavua miwani. Awali shemeji alibishia chumba tu. Sasa alisema Mama Pindo hakuwahi kuolewa na kaka yake. Alikuwa fundi, mpangaji aliyejisahau.

Ndoa ilifungwa nyumbani, na walioishuhudia wote wameshatangulia mbele ya haki, isipokuwa mama mkwe.

"Basi yamekwisha," Mama Pindo akasema. "Mama yule namwogesha kwa mikono yangu. Atasema."

Mama mkwe aliletwa, ameshikwa mkono na mwanawe, amevaa gauni la kijivu aliloshonewa na Mama Pindo mwenyewe. Mama Pindo aliinuka kumpisha, kama alivyozoea nyumbani. Bibi alimpita bila kumtazama. Karani akamwapisha, wakili wa shemeji akamuuliza kama anamfahamu yule mwanamke.

Bibi alilinyoosha gauni mapajani.

"Namfahamu," akasema. "Ni fundi wangu wa nguo."