Sidii ya Majaribio ya Bi Saumu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa buibui jipya na viatu vya kunibana, nikidhani studio ya kurekodi ni mahali pa kujionyesha. Loo! Nilikuta chumba kisicho na dirisha nyuma ya maduka ya Ukunda, kuta zimebandikwa magodoro, na mtu mrefu ameinamia kompyuta. Huyo ndiye Fundi Mkuu, Bwana Mutua, mtu wa Machakos. Hata jina langu hakuuliza. Alininyooshea sidii mbili, akasema, "Gani inafutika?"

Mimi nilikuwa naijua kaseti tu. Moja ilimeta kama kioo, nyingine ilikuwa na weusi weusi. Nikaotea hiyo nyeusi.

"Ndiyo hiyo. Karibu kazi."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na sidii za kufutika zilikuwa ngeni kwetu. Ninyi mnaoweka kila kitu kwenye simu mtanicheka, lakini mimi mpaka leo nazistaajabia. Ndani ya ile plastiki mna utando mwembamba wa madini yaliyochanganywa. Chembe zake zikiwa zimejipanga, mwanga unarudi vizuri. Wakati wa kuandika, mwale wa leza hupiga kwa nguvu, kidoa kidogo kikayeyuka, kisha kikapoa ghafla kabla chembe hazijawahi kujipanga. Hapo mwanga hufifia. Wakati wa kufuta, leza hupasha moto kwa upole, chembe zikapata nafasi ya kurudi kwenye mistari yake.

"Kumbe ni kama safu za swala," nilimwambia Bwana Mutua. "Imamu akiwapa watu nafasi, wanajipanga."

Alicheka sana, naye ni mtu wa kanisa, na tangu siku hiyo wateja aliwaeleza hivyo hivyo.

Wateja wetu walikuwa bendi za hoteli za Diani na waimbaji wa kasida. Kila mmoja alipewa kwanza sidii ya majaribio, ile ya kufutika, akaisikilize nyumbani. Akirudi na marekebisho, tuliisoma, tukarekebisha, tukaandika upya. Akiridhika, tulimwandikia ya kawaida isiyofutika. Akiirudisha bila kuagiza kitu, Meneja wetu alikuwa na amri moja tu: futa, itumike tena. Kompyuta yenyewe ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo rekodi ikishaandikwa kwenye sidii, kwenye mashine haikubaki kitu.

Basi akaja Mzee Bakari wa Munje. Mkewe, Bi Saumu, alikuwa amerekodi kasida kwetu, sauti yake wallahi ilinitoa machozi. Akachukua sidii yake ya majaribio, na kabla hajairudisha, akafariki, Mungu amrehemu.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa. Nimewaletea mali yenu." Akaiweka mezani taratibu. "Nimeipeleka kwa mpwa wangu kule Mwabungo, ana mashine. Ikasema hamna kitu. Basi, ndiyo riziki yangu. Nilitaka kumsikia mara moja tu."

Meneja alimpa pole, kisha akanigeukia. "Imerudi. Futa."

Bwana Mutua akainuka kitini. "Ngoja kwanza. Hii kitu haiko tupu."

Akaiinamisha chini ya taa. Karibu na tundu la kati palikuwa na duara lenye rangi tofauti kidogo: hapo ndipo leza ilipopita. Alitueleza kwamba sidii hizi hurudisha mwanga hafifu, na mashine za zamani hazina jicho la kuuona. Mashine ya Mwabungo ilishindwa kusoma, mzee akaamini hakuna kitu.

"Tunasubiriwa na bendi," alisema Meneja.

"Bendi itangoja, boss. Huyu mama hawezi rudi kuimba tena."

Akaitia kwenye kompyuta. Chumba kikajaa sauti ya Bi Saumu. Kasida ilipokwisha, tukamsikia akisema, "Umeshazima, baba? Haya niacheni niwahi, mzee wangu hajui hata kuwasha jiko, atashinda na njaa."

Bwana Mutua aliona haya. "Mzee, nitakuandikia kwa sidii ya kawaida, hiyo mashine yoyote itasoma, na haifutiki. Hapa mwisho nitakata."

"Ukate?" Mzee Bakari alimtazama. "Kasida wanaiimba wengi, mwanangu. Hayo maneno niachie."

Ile amri ya Meneja sikuisikia tena: tangu hapo hakuna sidii iliyofutwa mpaka Bwana Mutua aisikilize mwenyewe. Bingwa yule! Nilifanya kazi chini ya mafundi wengine baada yake, hadi nikastaafu, na mashine nilizozijua zote sasa ni vyuma chakavu. Watu huniuliza kama sijuti kujifunza kazi iliyokufa. Nijute nini? Nilikuwapo siku ile Mzee Bakari alipoisogelea spika, akainama, akamjibu mkewe kwa sauti ndogo: "Nimeshajua kuwasha, Saumu. Nakula."